Nyimbo Zisizo na Wenyewe

Yako maneno yasemwayo siku hizi katika vyumba vya kusomea na katika baraza za walimu, nayo yamekwisha kuzoeleka hata hayaulizwi tena. Husemwa ya kwamba sasa hapana wimbo utakaopotea, kwa sababu ziko programu za kompyuta zinazopita katika blogu za wapenzi wa muziki, usiku na mchana, zikiokota kila wimbo uliowekwa humo na kumletea mwenye kuutaka. Maneno haya ni matamu, lakini si kweli. Wimbo uliookotwa si wimbo uliohifadhiwa. Nataka kuyapinga waziwazi, kwa kuwa wanaoyaeneza ni wasomi, na kosa la msomi hufuatwa na wengi.

Kwanza tufanye insafu. Sina ugomvi na chombo chenyewe. Blogu hutoa orodha ya mambo mapya yaliyoandikwa humo. Programu huisoma orodha hiyo, hutafuta mahali palipo na faili la sauti, hulichukua na kulipanga pamoja na mengine. Mwaka 2005 mwanafunzi mmoja wa New York, Anthony Volodkin, alianzisha Hype Machine, iliyokusanya mahali pamoja nyimbo zilizotajwa katika blogu nyingi. Mtu aliye mbali na duka lolote la santuri aliweza kusikia muziki ambao baba yake hakupata hata kuusikia jina. Anayeitukana kazi hii kuwa ni uvivu mtupu hajapata kuhangaika mwezi mzima kutafuta santuri moja.

Lakini na tutazame kitambulisho kinachofuatana na wimbo. Mwaka 1996 ulitungwa utaratibu uitwao ID3, wa kuandika habari za wimbo ndani ya faili lenyewe. Utaratibu huo wa kwanza ulitoa nafasi ya herufi 30 kwa jina la wimbo, 30 kwa jina la msanii, 30 kwa jina la albamu, na 4 kwa mwaka. Aina za muziki zilizoorodheshwa zilikuwa 80: polka imo, taarabu haimo. Mtungaji wa maneno hakutengewa mahali pake.

Nitajibiwa ya kwamba utaratibu uliofuata, wa mwaka 1998, ulimpa mtungaji nafasi. Ni kweli. Walakini kiti si mgeni. Aliyeuweka wimbo katika blogu aghalabu hakumjua mtungaji, programu haiulizi, naye mpokeaji haulizi, kwa kuwa nyimbo nyingine mia zinamngoja. Basi nafasi ipo, nayo ni tupu.

Kwetu sisi hasara hii ni kubwa. Taarabu ni shairi kabla ya kuwa sauti. Mara nyingi mwenye kuimba siye aliyetunga, na maneno hufumbwa kwa ajili ya jambo lililotokea mtaani, ambalo wasikilizaji wa siku ile walilijua bila ya kuambiwa. Siti binti Saad aliporekodiwa Bombay mwaka 1928, santuri zilichukua sauti yake; habari za matukio yaliyozaa maneno zilibaki Unguja, vinywani mwa watu. Asikiaye fumbo bila ya habari yake hufurahia sauti na kupitwa na maana.

Nami nasema haya kwa kuwa nimekosa mwenyewe. Kwa miaka mitatu nilifundisha darasani wimbo mmoja wa taarabu nilioletewa na programu ya namna hii. Kitambulisho kilimtaja mwimbaji tu, nami nikamwandika mwimbaji kuwa ndiye mtungaji, nikaueleza ubeti wa tatu kuwa ni malalamiko ya mpenzi aliyeachwa. Siku moja mzee mmoja wa Tanga, aliyekuja kumtazama mjukuu wake chuoni, aliusikia. Akaniambia kwa upole, "Mwalimu, maneno hayo ni ya marehemu kaka yangu. Hakuachwa na mtu. Alidhulumiwa shamba." Nilimwomba radhi, naye akanisamehe. Lakini wanafunzi wa miaka mitatu walikuwa wamekwisha kuondoka na uongo wangu, na baadhi yao leo ni walimu.

Uko mfano wa Ghana unaofundisha zaidi. Mwaka 2002 Mmarekani Brian Shimkovitz alinunua Cape Coast kaseti ya Ata Kak iitwayo Obaa Sima. Mwaka 2006 aliiweka katika blogu yake, Awesome Tapes From Africa, nayo ikaenea mbali. Watu waliicheza na kuisifu, hali mwenyewe hajulikani alipo. Hapana programu iliyokwenda kumtafuta. Alipatikana baada ya miaka ya kuulizia watu kwa watu, na kaseti ikatolewa upya mwaka 2015. Mashine ilieneza wimbo. Mwenye wimbo alitafutwa na mtu.

Wako pia wasemao ya kwamba nyimbo ni mali ya umma, na kumsaka mtungaji ni desturi ya kigeni. Hoja hii imevaa kanzu ya uzalendo, lakini haizijui mila inazodai kuzitetea. Watungaji wa tenzi zetu aghalabu walijitaja katika beti za mwisho, na pengine walitaja mji na tarehe pia. Hawakuona aibu kudai kazi yao, wala hawakuona kwamba umma umepungukiwa kwa kumjua aliyeutungia. Kumfuta mtungaji kwa jina la umma ni kumnyima mtu mmoja haki yake bila ya kumwongezea mtu yeyote kitu.

Basi sisemi programu zizimwe. Nasema nusu ya kazi isiitwe kazi nzima. Nawataka walimu wenzangu tusipokee tena nyimbo 4,000 zilizorundikwa na mashine tukaziita utafiti. Tupokee nyimbo 40, kila mmoja na mtungaji wake, mwimbaji wake, chama chake, mji na mwaka wake, na jina la aliyetoa habari. Penye pengo, mwanafunzi aandike ni nani aliowauliza na wakamjibu nini. Pengo lililoandikwa ni elimu, pengo lililofichwa ni udanganyifu. Nanyi wanafunzi, kabla ya kuiagiza programu ilete wimbo mwingine, uchukueni mmoja mlio nao, mwende nao barazani kwa mtu mzima, mmpe ausikilize, kisha mkae kimya aseme. Mafaili yatatungoja hata mwakani. Wazee hao hawatungoji.