Dunia Ndani ya Leso: Februari 1932



Juma lililopita nilikuwa mgeni katika nyumba moja hapa Shimanzi, si mbali na matangi ya mafuta. Binti wa nyumba hiyo, akiwa ameshika kofia anayoishona, alimwuliza ami yake kwa nini vita vya nchi za mbali vipandishe bei ya mafuta ya taa jikoni kwa mama yake. Ami akamjibu kwa upole kwamba hayo ni maneno ya barazani, yeye ashike sindano yake.

Nilirudi kwangu na swali lile moyoni. Jibu lake nimeliona katika mwezi mmoja wa zamani, Februari 1932.

Tarehe 2 ya mwezi huo wajumbe wa mataifa walikutana Geneva kushauriana juu ya kupunguza silaha. Wakati huo huo Shanghai ilikuwa ikiungua, kwani majeshi ya Japani yalikuwa yameushambulia mji huo tangu mwisho wa Januari, na mapigano hayakutulia hadi Machi. Tarehe 25, mzaliwa wa Austria aitwaye Adolf Hitler alipata uraia wa Ujerumani, akaweza kugombea urais. Tarehe 29 Uingereza ikapitisha sheria mpya ya ushuru, ikaiacha biashara huria iliyojivunia kwa miaka mingi.

Nasi Mombasa je? Idi ya mfunguo mosi, mwaka 1350 Hijria, iliangukia Februari hiyo hiyo, na kila nyumba ilitamani nguo mpya. Japani ilikuwa imeacha kuifunga sarafu yake na dhahabu tangu Disemba 1931. Thamani ya yeni ikashuka, na nguo zake zikawa rahisi kuliko za Uingereza. Mikataba ya Bonde la Kongo nayo haikuwaruhusu Waingereza kujipendelea kwa ushuru katika Afrika Mashariki. Basi katika miaka iliyofuata nguo za Kijapani zikajaa madukani mwetu, leso miongoni mwazo. Bibi zetu walijitanda habari za dunia, ijapokuwa wengi wao hawakupata wa kuwasomea.

Pengo hilo Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui aliliona. Mwaka 1930 alitoa Sahifa, karatasi ndogo ya mafundisho na maonyo, na Februari 1932 likatoka Al-Islah, gazeti la kila juma kwa Kiswahili na Kiarabu. Alitaka Waislamu wa pwani wajue walipo katika dunia inayogeuka, wasije wakaamkia mambo yaliyokwisha kuamuliwa na wengine. Naye huyo huyo alitetea elimu ya watoto wa kike, zama ambazo wazee wengi waliiogopa.

Leo hatuna uhaba wa habari. Simu zetu zinafurika, na mara nyingi tunasambaza kabla ya kusoma. Sura ya Al-Hujurat imetuamrisha kuhakikisha habari tuletewayo, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Amri hiyo haikubagua baina ya baraza na jiko.

Kwa hiyo nawaomba akina mama na akina baba: usiku mmoja wa juma hili, baada ya Isha, chagueni habari moja tu na muisome pamoja na watoto, wa kike na wa kiume. Ulizeni ni nani aliyeisema, ameijuaje, na itafikaje katika kapu letu la sokoni.

Na wewe ami, ukiulizwa tena, mpishe binti nafasi barazani umjibu. Kofia itangoja.

Wabillahi tawfiq.