Ua la Makaburini

Kwetu ua hili lilipandwa makaburini, kwa kuwa linastahimili jua bila ya kumwagiwa maji. Lina petali tano, nyeupe au za waridi. Wenye bustani mjini huliita vinka, na asili yake ni Madagaska. Sisi watoto tulikatazwa kulichuma. Tuliambiwa atakayeliingiza nyumbani ataita msiba. Hata hivyo wazee walewale waliyachemsha majani yake kutibu ugonjwa wa sukari.

Shangazi yangu aliyanywa asubuhi na jioni. Muuzaji alimwambia aachane na vidonge vya hospitali, maana "dawa ya asili haina madhara." Akaviacha. Haukupita mwaka, kidonda kidogo mguuni kikakataa kupona, na mguu ukakatwa.

Ndugu msomaji, maneno ya muuzaji yule ni uongo, na ua lenyewe ni shahidi. Mwaka 1952 majani yake yalipelekwa Kanada kutoka Jamaika, ambako nako watu waliyanywa kwa sukari. Watafiti Robert Noble na Charles Beer waliwanywesha panya, sukari haikushuka. Walipowadunga sindano ya dawa iliyokamuliwa humo, panya walikufa kwa maambukizi, kwani chembe nyeupe za damu zilikuwa zimepungua mno. Katika sumu hiyo ndimo ilimopatikana vinblastini, iliyotangazwa mwaka 1958. Ikafuata vinkristini, ambayo hadi leo hutibu watoto wenye saratani ya damu.

Wapo watakaoshangilia, "Mnaona? Wazee walijua!" La hasha. Wazee walijua kuwa ua lina nguvu. Hawakujua ni nguvu ya nini. Wapo pia wasomi wanaowacheka wazee hao. Hao nawauliza: nani angeyatazama majani hayo, kama watu wa Jamaika wasingeyachemsha?

Lakini heshima kwa wazee si kibali cha kuuza chupa isiyo na kipimo. Dawa hizo hutolewa kwa miligramu chache, mishipani, daktari akihesabu damu ya mgonjwa. Sufuria ya jikoni haihesabu.

Waliotukataza kuliingiza ua nyumbani walikuwa karibu na ukweli kuliko muuzaji wa shangazi. Kiponyacho chaweza pia kuua. Anayekuambia hakina madhara, ama hakijui, ama anakuuzia.