Sare Isiwe Kiingilio
Kadi za harusi Dar es Salaam siku hizi huja na rangi, zambarau na fedha au kijani na dhahabu, na mgeni aliyekwisha kutoa mchango huanza upya kutafuta kitambaa na fundi. Rangi ikitajwa, ifuate kadiri ya uwezo wako. Mtandio au tai ya rangi hiyo hutosha, na kamati isimdai mtu zaidi ya hapo. Gauni jeupe mwachie bibi harusi. Kwa nikahi msikitini, kanzu na kofia humtosha mwanamume, hata kama usiku atavaa suti ukumbini. Zanzibar na Mombasa sherehe ya wanawake ina utaratibu wake: njiani buibui, na ndani, wanaume wakiwa hawapo, ndipo gauni, dhahabu na hina huonekana, basi usiogope kung'ara. Ninachokitetea zaidi ni doti ya kanga. Ikiwa mpya na imepindwa vizuri, huenda na kila umbo na kila umri. Shangazi aliyetoka kijijini akijifunga moja na kujitanda nyingine, amependeza kikamilifu. Soma tu jina la kanga, yaani maneno yaliyochapwa juu yake, kabla ya kulipa: chagua lenye dua, si la kumsema mtu, kwa maana kina mama wa upande wa pili watalisoma tangu mlangoni. Wapo wanaobaki nyumbani kwa kukosa kitenge cha sare, na harusi ya mpwa wao ikawapita. Wanakamati, wapigieni simu mapema, waambieni waje na walichonacho.