Ukivutwa Jezi, Umebadilisha Nini?

Kila Jumatatu hapa Mtito Andei, pale mabasi ya Mombasa yanaposimama abiria wapate chai, utawasikia vijana wakisimulia walivyoibiwa mechi ya jana. Refa alikula hongo. Kipa wa wageni alijilaza kila alipoudaka mpira. Beki wao alimvuta straika wetu jezi tangu filimbi ya kwanza. Huenda yote ni kweli. Mimi nawauliza neno moja tu: huyo beki alianza kuvuta dakika ya ngapi, nanyi mlibadilisha nini?

Mnaipenda hadithi ya Victor Wanyama akiifunga Barcelona kwa kichwa, tarehe 7 Novemba 2012, Celtic ikishinda 2-1 huko Glasgow. Ya Februari 12 mwaka uliofuata hamuitaji, na ndiyo yenye funzo. Siku hiyo Juventus walifika uwanja ule ule, Wanyama akiwa kiungo wa Celtic, wakaondoka na ushindi wa 3-0. Celtic walilalamika sana juu ya kona. Gary Hooper alisimama mbele ya kipa Buffon, na beki Lichtsteiner akamkumbatia kama jamaa waliopotezana miaka mingi. Refa Mhispania, Undiano Mallenco, hakutoa penalti hata moja.

Hapa ndipo wengi wetu hatuijui kazi yetu. Mpira wa kona ukiwa haujapigwa, hauko mchezoni. Beki akikushika wakati huo, refa aweza kumwonya, aweza kumpa kadi ya njano, kisha kona inapigwa vile vile. Penalti haipo. Lichtsteiner alilijua hilo, naye alikuwa akilipwa kulijua. Basi dawa haikuwa kumlilia refa. Dawa ilikuwa Hooper aanzie nje ya eneo la hatari aje mbio mpira ukipigwa, maana mtu anayekimbia hakumbatiki kirahisi, na akivutwa mpira ukiwa hewani hiyo sasa ni penalti. Au kona ipigwe fupi, mabeki wawili watoke kuufuata, ukuta ule ufunguke.

Tena hebu tuyatazame magoli yenyewe. La kwanza, dakika ya tatu, mpira mrefu ulimpita Efe Ambrose, Matri akafunga. La tatu, Ambrose huyo huyo alinyang'anywa mpira, Vučinić akamalizia. Ambrose alikuwa amebeba Kombe la Afrika na Nigeria kule Afrika Kusini siku mbili tu kabla. Miguu ilikuwa na haki ya kuchoka. Lakini kumpanga au kumpumzisha haukuwa uamuzi wa refa, wala wa Juventus. Kushikwa kwenye kona kuliwanyima Celtic nafasi, sikatai. Hakukuwafunga magoli matatu.

Najua nitaambiwa ninawafundisha watoto ulaghai. Sivyo. Kuijua hila ya mwenzako si kuiiga. Na ziko hila ambazo si hila tena, ni uhalifu: mwaka 2020 FIFA iliwafungia wachezaji wanne kwa kupanga matokeo ya mechi za Kakamega Homeboyz, mmoja wao maisha. Ya namna hiyo yapelekwe kwa wahusika kwa ushahidi. Bali kupoteza muda, kujiangusha na kuchokoza kwa maneno ni hali ya hewa ya mchezo huu, na mkulima wa Ukambani hasusi shamba kwa sababu mvua imechelewa.

Kwamba twaweza kujirekebisha, tulijionea Kasarani tarehe 10 Agosti 2025. Kenya ilikuwa imeifunga Morocco bao moja, la Ryan Ogam, kisha Chrispine Erambo akatolewa kwa kadi nyekundu kabla ya mapumziko. Watu kumi wakajipanga upya, wakailinda 1-0 kipindi chote cha pili. Morocco hao ndio waliolitwaa kombe lile la CHAN.

Basi wazee wanaosimamia timu hizi, na ninyi manahodha, someni sheria. Tangu Julai 2025 kipa akiukumbatia mpira zaidi ya sekunde nane, anayefaidika ni mpinzani wake: anapewa kona. Refa huonyesha sekunde tano za mwisho kwa vidole. Ni manahodha wangapi wa uwanja wetu wa vumbi wanaolijua hilo, badala ya kumzomea kipa wa watu?

Mazoezi yajayo, kocha, wagawe vijana makundi mawili. Kundi moja livute jezi, lijilaze, litukane kwa nusu saa, na refa wako anyamaze kabisa. Lile jingine litafute goli. Atakayefungua kinywa kulalamika, atoke nje akaokote mipira.