Elimu ya Mwili: Safari ya Githeri

Jioni katika nyumba nyingi za Nyeri, Karatina, Othaya na Kerugoya, hata kufika Embu na Meru, sufuria ya githeri huteremshwa mekoni na watu wa nyumba wakakusanyika. Mlaji akishashiba hudhani kwamba kazi imekwisha. Kumbe kazi ndiyo kwanza yaanza, na wafanyakazi wake ni wadogo mno hata jicho haliwezi kuwaona pasipo hadubini. Hao ni chembe hai za mwili, ziitwazo seli, na habari zao zamfaa kila mzazi mwenye mtoto mchanga, kama itakavyoonekana mbele.

Safari yaanzia mdomoni. Meno huponda punje za mahindi na maharagwe, na mate huzilainisha. Ndani ya mate mna kimeng'enya, yaani kitu kilichotengenezwa na mwili ili kuvunjavunja chakula, nacho huanza kuugeuza wanga kuwa sukari. Mwenye kutaka kuhakikisha na atafune kipande cha mkate kwa muda mrefu bila kumeza, naye ataonja utamu ambao haukuwapo mwanzo. Mtu alaye kwa haraka, akameza punje nzima, huuachia utumbo kazi ambayo utumbo hauna meno ya kuifanya. Ganda la punje ya mahindi halimeng'enywi, na punje iliyoingia nzima huenda ikatoka nzima.

Kutoka mdomoni chakula hupita katika umio na kuingia katika mfuko wa tumbo. Ukuta wa mfuko huo, ukitazamwa kwa hadubini, una vishimo vingi sana, na kila kishimo kina seli za namna mbalimbali. Nyingine hutoa asidi kali, nyingine hutoa kimeng'enya cha kukata protini, kama ile ya maharagwe. Asidi hiyo yaweza kuunguza nyama ya mwili wenyewe. Basi mbona mfuko haujili? Kwa sababu seli za juu hutandaza ute mzito ulio kinga, na seli hizo hufa na kuzaliwa upya kila baada ya siku chache.

Kinga hiyo ikitobolewa, ndipo vinapotokea vidonda vya tumbo. Kwa miaka mingi watu walilaumu pilipili na fikira nyingi. Mwaka 1982 madaktari wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, waligundua kijidudu kiwezacho kuishi ndani ya ute huo. Wenzao hawakuwasadiki, na mwaka 1984 Marshall alikunywa kijidudu hicho mwenyewe, akaugua tumbo. Mwaka 2005 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel. Leo vidonda vingi hutibiwa kwa dawa za kuua kijidudu hicho pamoja na za kupunguza asidi. Dawa za maumivu, kama aspirini, zikitumiwa ovyo, nazo huweza kuleta vidonda.

Baada ya saa chache uji mzito uliokuwa githeri husukumwa kidogo kidogo kuingia katika utumbo mwembamba. Hapo hukutana na nyongo kutoka ini, inayoyatawanya mafuta, na maji ya kongosho yenye vimeng'enya vingi. Lakini ajabu kubwa ni ukuta wa utumbo wenyewe.

Mkulima wa Nyeri aliyezoea mabonde ya mito ya Chania na Gura anajua kwamba shamba lenye kupanda na kushuka lina uso mpana kuliko lionekanavyo katika ramani. Utumbo mwembamba umejengwa kwa mpango huo. Kwanza ukuta wake una mikunjo. Juu ya mikunjo hiyo vimesimama vidole vidogo, kila kimoja chenye urefu wa nusu milimita hata milimita moja, vimesongamana kama nyuzi za taulo. Na kila seli iliyo juu ya kidole hicho ina vinyweleo maelfu vilivyo vidogo zaidi. Vitabu vya zamani vilisema kwamba utumbo ukitandazwa wote ungefunika uwanja wa tenisi. Walisema kupita kiasi. Wataalamu wa Uswidi walipopima upya mwaka 2014 walipata kama mita 30 za mraba. Hata hivyo, chumba cha mita tano kwa sita kukunjwa ndani ya tumbo la mtu si jambo dogo.

Ndani ya kila kidole mna mishipa myembamba ya damu, na katikati mna mfereji wa kupokea mafuta. Sukari na vipande vya protini hupita katika seli na kuingia katika damu, nayo huvipeleka ini. Seli hizo hazidumu. Huzaliwa katika vishimo vilivyo chini ya vidole, hupanda polepole kuelekea ncha, hufanya kazi yake, kisha hupukutika. Safari yote hiyo ni ya siku tatu hata tano.

Jambo jingine lisilojulikana sana ni habari ya maji. Mtu mzima hunywa na kula kama lita mbili za maji kwa siku, lakini mate, asidi, nyongo na majimaji mengine humwagwa ndani ya tumbo kama lita saba zaidi. Kati ya lita hizo tisa, ni kiasi kisichojaza kikombe tu kinachotoka pamoja na kinyesi. Mengine yote hurudishwa katika damu, na sehemu iliyo kubwa hurudishwa na vidole vile vya utumbo mwembamba.

Sasa na itazamwe hali ya mtoto mchanga anayeharisha. Mwaka 1973, huko Melbourne, Ruth Bishop na wenzake walichunguza vipande vya utumbo wa watoto wagonjwa kwa hadubini ya elektroni, wakaona ndani yake virusi vyenye umbo la gurudumu, vikaitwa rotavirusi. Virusi hivyo huua seli zilizo nchani mwa vidole, zile zenye kufyonza. Vidole husinyaa, maji yaliyopasa kurudi katika damu hupita moja kwa moja, na mtoto mdogo, ambaye maji yake si mengi, huweza kukauka kwa muda wa siku moja.

Wako wazazi, wala si wa Nyeri peke yao, wanaomnyima maji mtoto wa namna hii wakidhani kwamba maji ndiyo yanayozidisha kuhara. Kosa hili limeua wengi. Zile seli changa zilizo chini katika vishimo hazikufa. Zinapanda, na baada ya siku chache utumbo utakuwa umejijenga upya. Shindano lote ni kumhifadhi mtoto asikauke mpaka seli hizo zifike juu.

Njia ya kumhifadhi ilitokana na elimu ya seli. Mwaka 1960 Robert Crane alieleza katika mkutano wa Prague kwamba sukari na chumvi huingia katika seli ya utumbo kwa pamoja, kama watu wawili wanaopita mlango mmoja wakiwa wameshikana mikono. Na vikiingia, maji huvifuata. Mlango huo hubaki ukifanya kazi hata mtoto anapoharisha. Mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi wa Bangladesh huko Bangaon, India, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa na maji ya kutia mishipani. Aliwanywesha wagonjwa wa kipindupindu maji yenye chumvi na sukari, na vifo vikapungua kutoka kama 30 katika kila wagonjwa 100 hata kufika chini ya 4.

Paketi za dawa hiyo zapatikana katika zahanati na maduka ya dawa. Kama hakuna paketi, huchanganywa vijiko sita vya chai vya sukari, vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chai cha chumvi katika lita moja ya maji safi. Vipimo havichezewi: chumvi ikizidi ni hatari, na sukari ikizidi huvuta maji yatoke mwilini, ndiyo sababu soda haifai. Mtoto wa chini ya miaka miwili hupewa robo hata nusu kikombe kila anapoharisha, kidogo kidogo, naye aendelee kunyonya. Zahanati humpa pia vidonge vya zinki. Macho yakididimia, au mtoto akilegea asiweze kunywa, au akitapika kila kitu, au kinyesi kikiwa na damu, apelekwe hospitali pasipo kungoja asubuhi. Chanjo ya rotavirusi ilianza kutolewa kwa watoto wote Kenya mwezi wa Julai 2014.

Kimeng'enya cha kuvunja sukari ya maziwa nacho hukaa katika vinyweleo vile vya seli. Kwa watu wengi duniani hupungua utoto ukiisha, na maziwa mabichi huwavuruga tumbo. Utafiti wa Sarah Tishkoff na wenzake, uliotangazwa mwaka 2007, ulionyesha kwamba katika Kenya na Tanzania wako watu wengi, hasa wa makabila ya wafugaji, waliorithi badiliko linalokiacha kimeng'enya hicho kifanye kazi hata uzeeni. Mtu wa Nyeri mwenye ng'ombe wa gredi zizini, lakini tumbo lake likayakataa maziwa, hana haja ya kuona haya. Na ajaribu maziwa lala, kwa kuwa vijidudu vya kuyagandisha vimekwisha kula sehemu ya sukari yake.

Mabaki ya githeri huingia mwisho katika utumbo mpana, ambao hauna vidole bali vishimo vyenye seli nyingi za ute. Hapo huishi vijidudu visivyohesabika. Maharagwe yana sukari za namna fulani ambazo mwili hauna kimeng'enya cha kuzivunja. Vijidudu huzila na kutoa hewa, na kila mtu ajua yanayofuata. Kuloweka maharagwe usiku kucha na kuyamwaga maji yale hupunguza taabu hiyo. Maganda na nyuzi husaidia kusukuma mabaki. Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi Uganda tangu 1946 hata 1966, aliona kwamba watu wa mashambani waliokula vyakula vya namna hii walikwenda choo upesi na kwa urahisi kuliko Waingereza waliokula mkate mweupe. Githeri iliyoliwa Jumatatu jioni yaweza kumaliza safari yake Jumatano asubuhi. Mkate mweupe na nyama huenda ukachelewa hata Alhamisi.