Chachu si sumu, vijana wafunzwe tofauti

Neno chachu limezoeleka mno vinywani mwa viongozi wetu. Kila mradi ni chachu ya maendeleo, na kila mkutano ni chachu ya umoja. Ajabu ni kwamba ukimwuliza kijana aliyehitimu masomo ya sekondari akueleze chachu yenyewe hufanya nini chunguni, aghalabu ataduwaa, au atakusomea ufafanuzi wa Kiingereza alioukariri kwa ajili ya mtihani.

Nililifikiria jambo hili hivi majuzi, jirani yangu mmoja alipoamua kutengeneza busaa kidogo nyumbani kwake kwa mara ya kwanza. Kwa kudhani kwamba mwenye shahada ya uzamifu hujua kila kitu, alinijia na wasiwasi wake. Siku ya kwanza alihofu kwa kuwa hakuona povu. Siku ya pili povu lilifurika, akahofu zaidi. Siku ya tatu alinusa harufu kali, akaniuliza: je, kitu hiki kinachacha au kinaoza? Na je, hakitatupofusha?

Swali hilo ni la sayansi, lakini pia ni la lugha. Kitenzi kuchacha kina maana zinazovutana. Mchuzi uliolala ukichacha tunaumwaga. Togwa ikichacha imegeuka pombe. Hata bahari husemwa kuwa inachacha inapochafuka. Kando ya kitenzi hicho kuna kuumuka, kwa unga uliotiwa hamira, na kuna kuvunda na kuoza, kwa kitu kilichoharibika kabisa. Waliotuachia maneno haya walikwisha kung'amua kwamba si kila badiliko lenye harufu ni uozo.

Hebu tuutazame utengenezaji wa busaa. Unga wa mahindi hukandwa kwa maji na kuachwa siku kadhaa hadi uchachuke, kisha hukaangwa juu ya bati, halafu huchanganywa na maji pamoja na kimea cha wimbi. Kimea, kama neno lenyewe linavyodokeza, ni nafaka iliyoachwa imee, ikakaushwa na kusagwa. Mbegu inapochipuka hutengeneza vimeng'enya vinavyougeuza wanga kuwa sukari. Chachu ni viumbe hai wadogo wasioonekana kwa macho matupu. Hao huila sukari ile na kutoa ethanoli, ambayo ndiyo kileo, pamoja na gesi ya kaboni. Povu lililomtisha jirani yangu ni gesi hiyo ikipanda.

Mwenye kulijua hilo hujijibu mwenyewe. Povu likichelewa, huenda ni baridi, kwani chachu hupenda joto la wastani. Chombo kikizibwa kabisa, gesi hukosa njia na chombo chaweza kupasuka. Ukungu ukitanda juu kwa rangi rangi, hapo pamevunda, na dawa yake ni kumwaga. Mfaransa Louis Pasteur alichapisha kitabu kizima kuhusu bia mwaka 1876, akionyesha kwamba bia huharibika inapoingiliwa na vijidudu vingine. Ndiyo maana usafi wa chombo si jambo la hiari.

Na upofu je? Hapa ndipo kutojua kunapoua. Nafaka inayochachuka hutoa methanoli kidogo mno, isiyotosha kumpofusha mtu. Methanoli iliyowaua watu zaidi ya 100 jijini Nairobi mnamo Novemba 2000, na makumi ya wengine katika kaunti mbalimbali mnamo Mei 2014, haikuzaliwa na chachu. Ni kemikali ya viwandani iliyotiwa katika vileo na watu waliotanguliza faida. Ikishaingia mwilini hugeuka asidi ya fomiki, nayo huharibu neva za macho. Haitoi povu wala haina rangi, na pua ya mnywaji haiwezi kuitambua ndani ya kileo.

Hata hivyo, kila msiba wa namna hii unapotokea, utasikia watu wakisema kwamba pombe ile ilichacha kupita kiasi. Kauli hiyo huisingizia chachu na kumwachilia muuaji. Pombe ile haikuchacha kupita kiasi, ilitiwa sumu. Taifa lisilotenganisha vitenzi hivi viwili litaendelea kumlaumu marehemu kwa kunywa, badala ya kumwuliza mwuzaji alichokitia pipani.

Wapo watakaodai kwamba nataka watoto wafundishwe ulevi. La hasha! Ulevi umevunja nyumba nyingi nchini, na sheria ya kudhibiti vileo ya mwaka 2010 inakataza pombe kuuzwa kwa walio chini ya umri wa miaka 18. Darasani hatuhitaji hata tone la busaa. Unga wa mkate uliotiwa hamira unatosha kuwaonyesha wanafunzi gesi ya kaboni. Uji wa kuchacha na maziwa ya mala vitawaonyesha kazi ya bakteria, ambao huzalisha ule ukali wa asidi.

Kuanzia darasa la nne, sayansi shuleni mwetu hufundishwa kwa Kiingereza. Sidai kwamba sera hiyo ibadilishwe kesho. Ninachopendekeza ni kwamba mwalimu wa sayansi na mwalimu wa Kiswahili waketi pamoja kabla ya somo hili. Wamtume mwanafunzi kwa nyanya yake akaulize hatua za kuchachua uji na jina la kila hatua katika lugha ya nyumbani. Akirejea, wamsaidie kupata neno la Kiswahili, kisha la Kiingereza. Mwanafunzi huyo hatakariri tena, maana atakuwa anakipa jina kitu anachokijua. Na siku atakapouziwa sumu kwa jina la pombe, pengine atakuwa na swali la kuuliza kabla ya kuinua gilasi.