Safari ya Kakamega na mbwa wawili garini

Jumapili iliyopita niliahidi kuwaeleza jinsi tulivyolipanga gari letu ili watu watano na mbwa wawili wasafiri kutoka Nairobi hadi Kakamega bila kuumizana, na jinsi gari hilo hilo linavyogeuka kuwa chumba cha kulala tunapofika. Najua baadhi yenu, hasa nyinyi akina baba, mtaguna. Mbwa atengewe nafasi kama mgeni wa heshima, ilhali kuna jamaa wanaosafiri wamekunjana kama nguo sandukuni? Subirini kidogo.

Mume wangu ni mzaliwa wa upande wa Shinyalu. Wasomaji wa Magharibi hawahitaji kuelezwa kwamba kwa mila za huko mwana aliyeoa halali ndani ya nyumba ya wazazi wake, sembuse mkewe, ambaye hata baba mkwe humsalimu kwa mbali. Kibanda alichojijengea mume wangu ujanani, ambacho wenyewe hukiita isimba, kilianguka zamani na mchwa wakamaliza boriti zake. Kila mwaka twasema tutajenga, na kila mwaka karo ya shule hututangulia. Basi tukaamua gari liwe ndilo nyumba yetu tukienda kusalimia wazee. Mama mkwe alipopashwa habari hiyo aliuliza swali moja tu: “Na mafiga yake yako wapi?” Hatukuwa na jibu, na mpaka leo hatuna.

Kuhusu mbwa, nina deni la kueleza. Desemba ya mwaka juzi tulikuwa na mbwa watatu. Tulimwachia kijana mmoja pesa za unga na mifupa ya wiki tatu, tukaondoka na roho zimetulia. Tuliporudi mapema Januari kijana hakuwepo, lango lilikuwa na kufuli, Simba na Chui mbavu zao zahesabika, naye Popi, aliyekuwa mzee kuliko wenzake, amelala kando ya karai kavu. Hakuamka. Binti yetu wa pili hakugusa chakula siku mbili, na sidhani amenisamehe, kwa maana ni mimi niliyesema mbwa wangebaki.

Agosti iliyofuata tukawabeba. Tulifanya wanavyofanya wengi: mizigo nyuma, mbwa juu ya mizigo, watoto popote palipobaki nafasi. Kutoka Nairobi kwa njia ya Nakuru, Kericho na Kisumu ni karibu kilomita 400, na kwa sehemu kubwa ya safari mambo yalikuwa mazuri. Tulipoipita Majengo, ng'ombe akakata barabara. Mume wangu akakanyaga breki. Chui, mwenye kilo 30, akapaa juu ya kiti kama gunia la mahindi lililotupwa kutoka kwenye lori, akampiga kitinda mimba wetu usoni. Mtoto alishonwa nyuzi tatu kwenye mdomo wa juu. Aliyemshona aliniuliza mshipi wa usalama ulikuwa wapi. Ulikuwepo, ndugu msomaji, ila ulikuwa umefunikwa na mifuko ya sukari na mchele tuliyokuwa tukimpelekea nyanya yake. Tangu zile sheria za marehemu Michuki zilipoanza kutekelezwa mwaka 2004 sote twajifunga mishipi tukiona askari. Mimi nilikuwa mmoja wa hao.

Kwa hivyo tulianza upya, na tulianza na viti. Gari letu ni Hiace kuukuu iliyowahi kubeba watalii, ingawa sisi Wakenya huita kila gari la umbo hilo Nissan. Tuliacha viti vya mbele na safu ya pili yenye viti vitatu, kila kimoja na mshipi wake. Safu za nyuma tukazing'oa. Fundi wetu wa jua kali alitaka kuvihamisha viti vya safu ya pili nyuma kidogo ili watoto wanyooshe miguu, avichomelee mahali papya. Nilikataa, nawe ukatae. Kiti kikae kwenye matundu yake ya bolti kiwandani kilikotengenezwa, kwa maana hapo ndipo bodi ya gari iliimarishwa. Kiti kilichochomelewa kwenye bati tupu hung'oka na mtoto akiwa amefungwa juu yake.

Nyuma ya viti hivyo tuliweka wavu wa waya mnene, ndani ya fremu ya chuma, kutoka sakafuni hadi karibu na paa, wenye bawaba upande mmoja ili ufunguke kama mlango. Huo wavu ndio ungetuokolea nyuzi tatu. Nyuma yake tukabaki na nafasi ya urefu wa sentimita 190 na upana wa sentimita 140, na hapo ndipo akili ilipotakiwa kufanya kazi.

Wazo langu la kwanza lilikuwa mbwa wakae nyuma mchana, kisha usiku wahamie mbele kwenye nafasi ya miguu ili sisi tupate kulala. Tulijaribu usiku mmoja uani kwetu Nairobi. Hakuna aliyelala. Mbwa walihangaika, wakatafuta mahali pao pa mchana, wakapanda juu yetu, Simba akabweka hadi jirani akawasha taa. Mbwa hajui mpango wako. Yeye anajua harufu ya gunia lake na mahali lilipotandikwa. Ukimhamisha gizani, katika gari asilolizoea, atakuhamisha na wewe. Hapo nikaelewa kwamba tunaopaswa kuhama ni sisi.

Seremala akatutengenezea benchi la mbao upande wa kulia, refu kama nafasi yenyewe, upana sentimita 60, kimo sentimita 50. Ndani yake ni sanduku: blanketi, sufuria, na ile mifuko ya sukari. Upande wa kushoto, sentimita 80 zilizobaki, ni sakafu tupu iliyotandikwa mpira na magunia mawili. Hapo ni pa mbwa. Mchana husimama, hugeuka na kulala watakavyo. Usiku hatuwagusi. Tunachukua mbao mbili za plaiwudi ambazo mchana hulala juu ya benchi, tunazilaza kutoka ukingo wa benchi hadi kwenye papi iliyofungwa kwa bolti ukutani upande wa pili, tunatandika godoro la sponji, na kitanda kiko tayari. Mbwa wako chini ya kitanda, palepale walipokuwa tangu asubuhi. Sisi tunalala juu. Ukiketi ghafla utajigonga kichwa, na mume wangu amekwisha kujigonga mara tatu.

Kabla hujanunua hata ubao mmoja, chukua ule utepe wa fundi wa nguo ukampime mbwa wako akiwa amelala ubavu na miguu ameinyoosha. Wengi humpima akiwa amesimama, kisha hushangaa kwa nini analia usiku. Mbwa wa kilo 30 akilala hivyo huchukua nafasi ya mtoto wa darasa la nne. Tena hakikisha watu wanaweza kutoka kwa mlango wa pembeni bila kuwapita mbwa, na mbwa watolewe kwa mlango wa nyuma bila kuwakanyaga watu. Moto au ajali haikupi muda wa kukunja godoro.

Je, watoto? Hapa mila iliyotunyima nyumba ikatufaa. Wajukuu hulala kwa nyanya yao, na ole wake atakayependekeza vinginevyo.

Njiani twasimama kila baada ya saa mbili hivi. Mbwa hawali asubuhi ya safari, ila maji kidogo kidogo wanapata kila kituo. Hufungwa kamba kabla mlango haujafunguliwa, si baada ya kufunguliwa. Kericho ni baridi na mtu hujisahau. Ukiteremka Ahero kwenye mashamba ya mpunga, joto ni jingine. Siku ya nyuzijoto 24 tu, gari lililofungwa juani hufika 34 kwa dakika kumi, nalo huendelea kupanda. Kuacha kioo wazi kidogo hakusaidii sana. Mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi, hutegemea kuhema, na hewa anayohema ikiwa moto hana pa kukimbilia. Kwa hivyo tukila samaki Kisumu twala kwa zamu, na mmoja hubaki nje na mbwa kivulini. Samaki wa zamu ya pili huwa amepoa, lakini hilo twalivumilia.

Sasa usiku wa Kakamega. Mvua ya huko huja alasiri ikiwa na radi, na mara nyingine mawe, na mbwa wa Nairobi hawajazoea kishindo cha mawe juu ya bati. Mara ya kwanza nililala na mkono umening'inia ukingoni mwa kitanda ili Chui aunuse. Madirisha mawili tumeyawekea wavu wa mbu, yabaki wazi kidogo hata mvua ikinyesha, kwa kuwa watu wawili na mbwa wawili katika boksi la bati hupumua hewa nyingi. Nawasihi: baridi ikizidi, ongeza blanketi. Usithubutu kuingiza jiko la makaa ndani ya gari, hata kama yameshika vizuri na hayatoi moshi. Hewa ile ya sumu haina harufu, na watu hufa usingizini kwa ajili yake katika nyumba kubwa kuliko gari lako.

Mbwa nao wasilale kitandani, hata kitinda mimba akilia. Viroboto na kupe ni sababu tosha, lakini Magharibi kuna na funza, ambaye hufuata mbwa kama anavyofuata mguu wa mtu. Kila jioni tunakagua vidole vya mbwa kwa tochi, kisha vya watoto. Magunia huanikwa juani kila asubuhi.

Wapo watakaoniuliza kwa nini tusilale kwenye msitu wa Kakamega wenyewe, tuamke na milio ya ndege. Ni kweli pana uzuri, nasi tumewapeleka watoto kuwatazama mbega. Lakini upande wa kaskazini, Buyangu, ni hifadhi ya taifa tangu 1985 chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, na mbwa hawaruhusiwi katika mbuga na hifadhi za shirika hilo. Sioni kosa. Mbwa wangu mpole akimwona paa atakuwa mwindaji, na ugonjwa alioubeba kutoka mtaani anaweza kuuacha msituni. Siku hiyo wawili wetu huingia na watoto, na mmoja hubaki nyumbani na mbwa.

Hatusafiri bila vyeti vya chanjo ya kichaa cha mbwa, ambayo hurudiwa kila mwaka, na daktari wa mifugo wa eneo letu huonwa mapema, pia kwa habari ya kibali cha kusafirisha mnyama. Serikali iliweka mpango mwaka 2014 kwamba ifikapo 2030 mtu yeyote asife kwa ugonjwa huu nchini. Dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona. Bomani kwa mama mkwe mna watoto kumi na wengineo, na kila mmoja anataka kumshika mbwa wa Nairobi. Mtoto akiumwa, hata na mbwa wa jirani, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kumi na tano, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Usipake dawa ya kienyeji juu yake wala usingoje kuona mbwa atafanya nini.

Yote haya yalikubaliwa na mama mkwe kwa urahisi kuliko nilivyodhania. Aliingia garini, akaukalia ubao, akaugonga kwa kifundo cha kidole, akasema ni imara kuliko kitanda chake. Kilichotuletea matata ni kuku. Asubuhi ya kwanza, ile Agosti ya nyuzi tatu, nilifungua mlango wa nyuma kabla sijafunga kamba, na Simba, aliyekuwa hajamwona kuku akitembea maishani mwake, alimfikia jogoo kabla mimi sijafika chini. Jogoo yule alikuwa ametengwa kwa ajili ya mgeni wa kanisa. Tulinunua mwingine soko la Khayega, mkubwa zaidi, lakini mama alisema huyu hajui kuwika.

Siku hizi mbwa hufungwa kwa mnyororo chini ya mwembe hadi kuku warudi bandani, kisha huingia garini mwao. Desemba iliyopita tulikaa siku kumi na mbili. Kila alfajiri nilisikia miguu ya mama mkwe ikipita kando ya gari kuelekea bandani, kisha kimya, kisha anahesabu kwa sauti. Akifika kumi na tisa, hurudi, hugonga bati mara mbili kwa bakora yake, na hapo ndipo hutusalimu: “Mulembe.”